Uzi: Kujenga na kurekebisha hifadhi ya pamoja ya GlusterFS kwenye seva za Linux

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mara kwa mara watu wanauliza kwa nini hifadhi ya pamoja waliyoijenga kwa GlusterFS, programu huria ya kuunganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, inakwenda taratibu ilhali seva ni mpya na diski zote ni za SSD, na majibu wanayopewa huwa ni orodha ndefu ya mipangilio ya kunakili na kubandika. Jambo hili linastahili maelezo ya kina kuliko hayo, kwa sababu anayebandika asichokielewa kwenye mfumo unaobeba nyaraka za watu anachezea mali isiyo yake. Hoja yangu ni moja: katika hifadhi ya klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, gharama kubwa iko kwenye safari ambazo kila ombi linafunga kupitia mtandao, na asiyezihesabu safari hizo hawezi kujua arekebishe nini.

GlusterFS haina seva maalumu ya kutunza metadata, yaani taarifa kuhusu faili kama jina, ukubwa na mmiliki. Kila seva inatoa saraka moja au zaidi kutoka kwenye diski zake, na kila saraka ya namna hiyo huitwa tofali. Matofali yakiunganishwa yanakuwa volyumu moja ambayo mashine mteja inaiona kama folda ya kawaida. Jina la faili hupitishwa kwenye heshi ya biti 32, yaani kanuni inayoligeuza jina kuwa namba, na katika kila saraka matofali yamegawiwa sehemu za safu hiyo ya namba, kwa hiyo mteja anakokotoa mwenyewe mahali faili ilipo. Huo ndio uzuri wake, na udhaifu wake unatokea hapo hapo: kwa kuwa hakuna anayeshika orodha ya majina yote, kuorodhesha saraka kunahitaji kuuliza matofali yote, na kutafuta faili ambayo haipo kunaweza kumlazimu mteja apige hodi kila mlango kabla hajajibiwa kwamba haipo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalitambui ni kwamba nakala huandikwa na mteja mwenyewe. Ukiwa na volyumu ya nakala tatu, mashine inayoandika hutuma data ileile mara tatu, mara moja kwa kila seva. Kadi ya mtandao ya gigabiti 1 kwa sekunde inapitisha megabaiti 125 hivi kwa sekunde. Ukigawa kwa tatu unabaki na takriban 40, hata kama diski zako zina uwezo wa kuandika mia tano. Tena kila uandishi una hatua zake: kufunga kufuli, kuweka alama kwamba kuna badiliko linaloendelea, kuandika, kuondoa alama, kisha kufungua kufuli. Mfumo unajitahidi kuziunganisha hatua hizi kwa faili kubwa inayoandikwa mfululizo, ndiyo maana kunakili video moja ya gigabaiti 4 kunakwenda vizuri na kunakili picha ndogo laki moja kunachukua saa nyingi.

Sasa ujenzi wenyewe. Msingi ninaoupendekeza ni seva tatu, mbili zikiwa na data kamili na ya tatu ikiwa mwamuzi, yaani inahifadhi majina na metadata pasipo yaliyomo ndani ya faili. Kabla ya yote hakikisheni saa za seva zote zinalingana kwa programu ya chrony, na majina ya seva yameandikwa kwenye `/etc/hosts` ya kila mashine, wateja wakiwemo, ili DNS ikianguka hifadhi isianguke nayo. Diski ya tofali iwe na mfumo wa faili wa XFS wenye inodi (rekodi za sifa za kila faili) za baiti 512, ili sifa za ziada ambazo Gluster huandika kwenye kila faili zitoshe ndani ya inodi yenyewe bila kusababisha usomaji wa pili wa diski. Matoleo ya sasa ya XFS yanafanya hivyo yenyewe; seva za zamani zikaguliwe kwa `xfs_info`. Tumieni LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) ya aina ya thin, inayotoa nafasi kadiri inavyohitajika, kama mnakusudia kuchukua picha za hali ya volyumu (snapshot) baadaye, kwa sababu bila hiyo huduma hiyo ya Gluster haifanyi kazi.

Tofali liwe ndani ya saraka ndogo na lisiwe mzizi wa diski iliyopachikwa. Kama diski imepachikwa kwenye `/data/diski1`, tofali liwe `/data/diski1/tofali`. Siku diski itakaposhindwa kupachikwa baada ya seva kuwashwa upya, saraka hiyo haitaonekana na tofali litakataa kuwaka, badala ya data kumwagika kimyakimya kwenye diski ya mfumo mpaka ijae.

```
gluster peer probe seva2
gluster peer probe seva3
gluster volume create nyaraka replica 3 arbiter 1 \
  seva1:/data/diski1/tofali seva2:/data/diski1/tofali seva3:/data/diski1/tofali
gluster volume start nyaraka
```

Kwa faiwoli, fungueni poti 24007 pamoja na poti za matofali zinazoanzia 49152. Tangu toleo la 10, poti za matofali huchaguliwa kwa nasibu ndani ya safu iliyoandikwa kwenye `/etc/glusterfs/glusterd.vol`, kwa hiyo anayefungua poti mbili tatu kwa mazoea ya zamani atashangaa kuona baadhi ya matofali hayafikiki. Upande wa mteja, mstari wa `/etc/fstab` uwe hivi:

```
seva1:/nyaraka /mnt/nyaraka glusterfs defaults,_netdev,backup-volfile-servers=seva2:seva3 0 0
```

Hapo `seva1` inatumika tu kuchukua maelezo ya volyumu wakati wa kupachika. Baada ya hapo mteja anazungumza na seva zote moja kwa moja. Seva za akiba zimeandikwa ili mteja akiwashwa wakati `seva1` imezimika aweze kupachika bila kukwama.

Kabla hamjagusa mpangilio wowote wa kasi, pimeni. Mtandao upimwe kwa `iperf3` kwa uwezo wake na kwa `ping` kwa muda wa kwenda na kurudi, na muda huo ndio namba muhimu kuliko zote katika uzi huu. Chukueni mfano wa hesabu: safari moja ikichukua nusu ya milisekunde, na ukurasa mmoja wa tovuti ukifungua faili 400, kila faili ikihitaji safari tatu, hizo ni safari 1,200, sawa na milisekunde 600, kabla diski haijasoma chochote cha maana. Hakuna diski ya bei yoyote itakayoipunguza namba hiyo. Mkiweka fremu kubwa za MTU 9000, yaani pakiti za mtandao za hadi baiti 9000, zithibitisheni kwa `ping -M do -s 8972 seva2`. Swichi moja tu katikati isiyozikubali itawaletea hitilafu ambazo ni ngumu sana kuzifuatilia, kwa sababu maombi madogo yatapita na makubwa yatakwama.

Kisha washeni kipimo cha Gluster chenyewe:

```
gluster volume profile nyaraka start
gluster volume profile nyaraka info
```

Acheni kazi za kawaida ziendelee kwa muda, ndipo msome jedwali. Kila mstari una asilimia ya muda uliotumika, wastani, kiwango cha chini na cha juu, idadi ya miito na jina la tendo. Mkikuta LOOKUP (kutafuta faili) inachukua sehemu kubwa ya muda wote na WRITE (kuandika) iko chini kabisa, tatizo lenu ni faili nyingi ndogo, na dawa yake ni kache ya metadata:

```
gluster volume set nyaraka group metadata-cache
```

Amri hiyo moja inawasha kundi la mipangilio linalomruhusu mteja akumbuke sifa za faili kwa sekunde 600, huku seva ikimpa taarifa endapo mteja mwingine ameibadilisha faili hiyo. Kwa saraka zenye maelfu ya faili kwenye volyumu iliyosambazwa, ongezeni `performance.parallel-readdir on`. Mkiona mchakato wa tofali umekaa kwenye asilimia 100 ya kiini kimoja cha prosesa huku viini vingine vimetulia, hapo ndipo `server.event-threads` na `client.event-threads` vina maana. Vipandisheni hadi 4 na mpime tena. Kuvipandisha hadi 32 kwa sababu mtu aliandika hivyo mahali fulani kunaongeza mabishano ya nyuzi za uchakataji pasipo faida yoyote.

Nimalizie na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa sababu hapa ndipo panapotokea matatizo yanayowachanganya watu zaidi. Linux huruhusu data ambayo haijaandikwa kwenye diski ikae kwenye RAM hadi kiwango cha `vm.dirty_ratio`, ambacho kwa kawaida ni asilimia 20. Kwenye seva yenye gigabaiti 64 za RAM hicho kinaweza kufikia gigabaiti 12 hivi. Kikifikiwa, kerneli inazisimamisha programu zinazoandika na kuanza kumwaga data, na diski za kuzunguka zinaweza kuchukua dakika kadhaa kuimaliza. Tofali linalosubiri hapo linaweza kushindwa kumjibu mteja, na mteja akingoja sekunde 42 bila jibu, ambazo ndizo thamani ya awali ya `network.ping-timeout`, anaihesabu seva hiyo kuwa imekufa. Ikirudi, uponyaji wa faili, yaani kusawazisha nakala zilizoachwa nyuma, unaanza, unaongeza mzigo kwenye diski zilezile, na hali inajirudia. Wekeni `vm.dirty_background_bytes` na `vm.dirty_bytes` kwa mamia ya megabaiti tu, ili diski iandike kidogo kidogo wakati wote. Ninawasihi msikimbilie kushusha hizo sekunde 42 hadi 3 au 5 ili klasta ionekane nyepesi. Kuunganishwa upya kunamlazimu mteja aombe tena kufuli zake zote na faili zote alizokuwa amezifungua, na mtandao ukiyumba kidogo tu mtajikuta mnaunganishwa na kukatwa mfululizo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nashukuru sana kwa maelezo haya yaliyopangika. Ofisini kwetu tuna seva mbili tu na fungu la kununua ya tatu halipo. Umeme ukikatika, seva zinabaki zimewaka kwa UPS, lakini swichi inazimika mpaka jenereta iwake. Je, replica 2, yaani nakala mbili bila mwamuzi, haiwezi kutosha kwa mazingira kama haya?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, mazingira uliyoyaeleza ndiyo hasa yanayoifanya replica 2 kuwa hatari. Swichi ikizimika huku seva zote mbili ziko hai, kila moja inaamini kwamba mwenzake amekufa. Kama programu zenu zinaendeshwa kwenye seva hizohizo na zimepachika volyumu humo humo, kila upande utaendelea kuandika kwenye nakala yake. Umeme ukirudi, faili ileile ina matoleo mawili, kila nakala inailaumu nyingine, na Gluster haina njia ya kujua ipi ni ya kweli, kwa hiyo inamrudishia msomaji hitilafu ya kuingiza na kutoa. Unaweza kuweka akidi, yaani idadi ya matofali yanayotakiwa kuwa hai ili kuandika kuruhusiwe, kwa `cluster.quorum-type auto`, lakini kwa nakala mbili kanuni hiyo inadai tofali la kwanza liwepo daima. Likizimika la kwanza, la pili nalo linakataa kuandikwa, na hapo unakuwa umepoteza faida uliyoitafuta kwa kununua seva mbili.

Kwa bahati njema mwamuzi si seva ya gharama. Kanuni ya makadirio ni kilobaiti 4 kwa kila faili, hivyo faili milioni moja zinahitaji gigabaiti 4 hivi. Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye SSD ndogo inatosha, ila isiwe diski ya polepole, kwa kuwa kila uandishi hupitia kwa mwamuzi kwa ajili ya kufuli na alama, na mwamuzi mzito anachelewesha klasta nzima. Isiwe pia mashine pepe ndani ya mojawapo ya seva hizo mbili, maana seva hiyo ikianguka inaondoka na kura mbili. Na tafadhali, kabla ya hayo yote, iunganisheni swichi kwenye UPS. Swichi inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na seva.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza kuhusu Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni. Tuna seva mbili za wavuti nyuma ya kigawa mzigo, na tumeweka kila kitu kwenye volyumu ya Gluster, yaani msimbo pamoja na saraka ya moodledata. Wanafunzi wakiingia kwa wingi wakati wa mitihani, kurasa zinachukua hata sekunde kumi. Tumeshaongeza RAM na hakuna kilichobadilika.

Mwanzisha uzi

Ahsante kwa swali hili, maana vyuo vingi vyetu vinaitumia Moodle na wanafunzi ndio wanaoumia. Rudi kwenye hesabu ya safari. PHP hufungua mamia ya faili za msimbo kwa kila ukurasa, na hata OPcache, kache ya PHP ya kutunza msimbo, ikiwepo, kwa thamani ya awali inakagua kila sekunde mbili kama faili imebadilika, na kila ukaguzi kwenye Gluster ni safari ya mtandao. Msimbo utoeni kabisa kwenye volyumu. Uwekeni kwenye diski ya ndani ya kila seva ya wavuti na uusambaze kwa rsync au git mnapofanya maboresho; kisha `opcache.validate_timestamps=0` itakuwa salama, mradi mkumbuke kuianzisha PHP upya baada ya kila boresho.

Ndani ya moodledata kuna vitu vya tabia tofauti, na hapa ndipo penye nafuu kubwa. Saraka ya filedir ina faili za wanafunzi na walimu zilizopewa majina kwa heshi ya SHA1 ya yaliyomo, kwa hiyo faili ikishaandikwa haibadiliki tena. Inafaa sana kukaa Gluster na kache ya metadata inaisaidia vizuri. Vikao vya watumiaji vihamishieni Redis, hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM, kwa kuwa faili za vikao huandikwa na kufungiwa kufuli kwa kila ombi, kazi ambayo Gluster inaifanya kwa gharama kubwa kuliko nyingine zote. Kache ya ndani ielekezeni kwenye diski ya kila seva kwa kuweka `$CFG->localcachedir` kwenye config.php, na kache ya pamoja ya programu nayo iende Redis. Baada ya mabadiliko hayo, kinachobaki kwenye volyumu ni kile ambacho kweli kinahitaji kuonekana na seva zote. RAM haikuwasaidia kwa sababu foleni yenu ilikuwa kwenye mtandao.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, kwa heshima zote, je, bado ni busara kujenga kwa Gluster leo? Mbona wengi wanahamia Ceph, mfumo mwingine wa hifadhi ya klasta?

Mwanzisha uzi

Swali la haki kabisa. Red Hat iliinunua kampuni ya Gluster mwaka 2011, na bidhaa yake ya kibiashara iliyojengwa juu ya mradi huo ilifikia mwisho wa huduma mwishoni mwa mwaka 2024. Mradi huria ungali upo, lakini mwendo wa matoleo mapya umepungua, na anayeanza leo lazima alipime hilo. Kwa taasisi yenye seva tano au zaidi, mtandao wa gigabiti 10 na mtu wa kuitunza klasta kila siku, ningechagua Ceph bila kusita. Ila Ceph inadai zaidi: kila diski inaendeshwa na mchakato wake ambao kwa kawaida umepangiwa gigabaiti 4 za RAM, kuna wasimamizi wa akidi wa kuwatunza, na CephFS inahitaji seva za metadata juu ya hayo.

Kwa ofisi yenye seva mbili na mwamuzi, Gluster ina sifa moja ninayoithamini mno: kwenye volyumu isiyokatwa vipande wala kusimbwa kwa kugawanya, faili zako ziko nzima ndani ya tofali, kwenye XFS ya kawaida. Programu nzima ikishindwa kuwaka, unaweza kuipachika diski kwenye mashine nyingine na kuzisoma nyaraka. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake mbali na msaada wowote, hilo ni jambo kubwa. Na vyovyote utakavyochagua, nakala ndani ya klasta hazichukui nafasi ya nakala rudufu. Faili ikifutwa kwa makosa, inafutwa kwenye matofali yote papo hapo.

Mchangiaji wa pili

Tumeweka mwamuzi na kuiunganisha swichi kwenye UPS. Jana diski ya seva2 imekufa. Amri ya `heal info`, inayoorodhesha faili zinazosubiri kuponywa, inaonyesha maelfu ya faili. Tufanye nini kwa mpangilio ulio salama?

Mwanzisha uzi

Poleni, lakini data iko salama, na hali hii ndiyo klasta iliyojengewa. Maelfu hayo ni faili zilizobadilika tangu tofali lilipopotea. Mkitazama mojawapo kwenye seva1 kwa `getfattr -d -m . -e hex`, mtaona sifa kama `trusted.afr.nyaraka-client-1=0x000000020000000000000000`. Tarakimu nane za mwanzo baada ya 0x ni mabadiliko ya data ambayo seva2 haijayapata, nane zinazofuata ni ya metadata, na nane za mwisho ni ya majina ndani ya saraka. Muhimu ni kwamba lawama inaelekea upande mmoja tu. Hakikisheni kwa `gluster volume heal nyaraka info split-brain` kwamba orodha ya faili ambazo nakala zake zinalaumiana ni tupu.

Anzeni na `gluster volume reset-brick nyaraka seva2:/data/diski1/tofali start`. Kisha wekeni diski mpya, iundeni kwa XFS, ipachikeni palepale, tengenezeni saraka ya tofali, na mmalizie hivi:

```
gluster volume reset-brick nyaraka seva2:/data/diski1/tofali seva2:/data/diski1/tofali commit force
gluster volume heal nyaraka full
```

Uponyaji kwa kawaida hutumia uzi mmoja wa uchakataji kwa kila tofali. Usiku, watumiaji wakiwa wachache, pandisheni `cluster.shd-max-threads` hadi 4, na asubuhi mrudishe 1 ili wafanyakazi wasicheleweshwe. Fuatilieni kwa `gluster volume heal nyaraka info summary` kila baada ya muda. Idadi inaweza kupanda mwanzoni kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa kila saraka inayoponywa inafichua faili zilizomo ndani yake. Seva1 msiizime wala kuiwasha upya kwa sababu yoyote mpaka idadi ifike sifuri kwenye matofali yote matatu. Kwa sasa hiyo ndiyo pekee yenye data kamili, maana mwamuzi ana majina tu.